Mkoba Uliokwenda Maseno

Jumatatu, 3 Machi 2025

Miezi saba tangu nitoke Murang'a. Leo tumemaliza mstari wa mwisho wa mawe, ghorofa ya tatu. Mgongo unauma upande wa kushoto. Ugali na omena, tena.

Nyumba tunayojenga iko pembeni mwa mtaa wa Manyatta. Ya kupangisha, vyumba vidogo vidogo. Mwenyewe sijawahi kumwona. Msimamizi wetu ni Bwana Ouma. Amesema Jumatatu ijayo tunaanza plasta. Atachagua mafundi wanne, na kila mmoja awe na vifaa vyake kamili. Wengine wabaki watu wa mkono, kubeba maji na kukoroga simiti, au waende.

Nikichaguliwa, plasta itaisha kabla ya Pasaka na nitakuwa huru kwenda nyumbani. Pasaka ndiyo ngurario, harusi ya kimila, ya Nyokabi, binti yangu wa kwanza. Mbuzi wanachinjwa, wazee wa pande mbili wanakaa, na baba lazima awe langoni kwake kupokea wageni. Mtu wa mkono hana likizo. Akitoka siku tatu anakuta mwingine ameshika toroli yake.

Kwa hiyo yote ni vifaa. Mwiko mkubwa, mwiko mdogo, timazi, pima maji, nyundo, patasi, ubao wa kusugulia, uzi. Vyote kwenye mkoba wa turubai la kijani wenye kamba nyekundu. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa nikivikusanya kimoja kimoja. Bila mkoba huo mimi ni mzee mwenye mikono miwili tu. Manyatta imejaa mikono.

Nimechoka. Nalala.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Hakuna upepo kutoka ziwani. Tumepandisha kokoto siku nzima.

Niandike juu ya kidude. Nyokabi alinitumia mwezi uliopita, kikaletwa na mtu wa kwetu anayeuza nguo hapa mjini. Ni cha mviringo, kama kifungo cha koti. Yeye anauza simu Thika, anajua mambo haya. Unakitia ndani ya kitu usichotaka kipotee, halafu unakiunganisha na simu kwa blututhi. Ukiwa karibu unabonyeza, kinalia. Ukiwa mbali, simu za watu wanaopita karibu nacho zinakinusa, na simu yako inakuonyesha kwenye ramani kiko wapi. Wale watu wenyewe hawajui. Pasipopita watu, hakuna habari. Ilinichukua jioni nzima kuelewa.

Nyokabi anaona ramani hiyo hiyo kwenye simu yake. Alisema ni kwa ajili ya vifaa. Nadhani ni kwa ajili yangu.

Nimekishona ndani ya mfuko mdogo wa mkoba.

Hapa mafundi hawaendi na vifaa nyumbani. Stoo ni ya simiti, ufunguo anao Bwana Ouma, na Bwana Ouma hufika saa anayotaka. Vyumba vyetu milango inafungwa kwa waya. Kwa hiyo kila jioni fundi anafukia mkoba wake ndani ya rundo la mchanga, mahali anapopajua mwenyewe, kisha anasawazisha juu. Mwizi hawezi kufukua rundo zima mlinzi akiwa langoni. Mafundi wote wa mji huu hufanya hivyo. Mimi nimejifunza hapa.

Leo baada ya kazi Okoth, mwenzangu wa ukuta, alisema, "Mzee, hebu ita mkoba yako tuone." Nikabonyeza simu. Mchanga ukalia, ti-ti-ti, kama kifaranga. Watu walicheka hadi wakakaa chini.

Okoth akasema, "Omera, ndugu yangu, mke wako amekufunga kengele kama mbuzi! Na mbuzi angalau inaonanga mwenye ameifunga. Wewe umefungwa kutoka Murang'a!"

Sikumwambia ni binti, si mke. Nilicheka pia. Mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 6 Machi

Bwana Ouma amekuja na macho mekundu. Mjomba wake anazikwa Jumamosi, kijijini, mbele ya Maseno. Mzee alikuwa fundi. Ndiye aliyemfundisha Ouma kushika mwiko. Alifanya kazi hapa mjini mpaka alipougua, na vifaa vyake vikabaki kwa Ouma, kwenye sanduku la mbao ndani ya stoo.

Familia imetaka sanduku lifike kabla ya mazishi. Vitu vya marehemu havibaki ugenini. Kwetu ni hivyo hivyo. Ouma alinifungulia nione. Mwiko mzuri wa zamani, chuma kizito. Siku hizi hatupati kama huo. Alisema mjomba alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Nilimpa pole. Nikamuuliza kuhusu Jumatatu, ingawa si siku nzuri ya kuuliza. Akaniambia, "Mzee Mwangi, wewe nimekuandika kichwani. Wewe na Okoth ukuta wa mbele. Leta tu vifaa."

Ukuta wa mbele ndio mtu anauona kwanza akipita barabarani.

Nimempigia Wambui. Nimemwambia Pasaka niko nyumbani. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema, "Haya basi, nitamwambia Nyokabi." Nilisikia akitabasamu. Hilo huwa nalisikia.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua tangu asubuhi. Ouma amefunga kazi saa sita, akaondoka kwenda matangani. Kazi tena Jumatatu.

Okoth na wengine wamefukua mikoba yao wakaondoka nayo. Wana kwao karibu, Seme, Ahero, Bondo. Kuna choo cha shangazi cha kujenga, kuna ukuta wa kanisa. Mimi sina shangazi huku. Nilifukia wangu kama kawaida, chini, upande wa ukuta. Nikarudi chumbani kulala.

Sauti ya mvua kwenye mabati. Sikufanya lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Rundo la mchanga halipo.

Niliandika sentensi hiyo nikaacha. Sasa naendelea.

Mama Akinyi, mwenye nyumba ninayopanga, ana ngazi ya mlango iliyobomoka. Nilimwahidi kuitengeneza leo. Nikaenda kazini kuchukua mkoba. Mahali pa mchanga pamebaki doa jeusi lenye maji na alama za matairi makubwa. Nilichimba kile kidogo kilichobaki kwa mikono. Najua ni ujinga. Nilichimba.

Mlinzi alisema trekta ilikuja jana alasiri. Ya Kiprono, yule wa Muhoroni anayebeba miwa, na miwa isipokuwepo anabeba mchanga. Bwana Ouma ndiye aliyemtuma. Mchanga umepelekwa kwenye mazishi, wa kujengea kaburi. Nikamuuliza kama aliona mkoba.

"Mimi naangalia geti, Mzee. Siangalii trela."

Nikafungua simu. Mikono ilikuwa na mchanga, kioo kikakataa kidole. Nikaifuta kwenye shati. Ramani ikaja polepole. Kilikuwa hapo. Kidoti kidogo. Mbele ya Maseno, mbali na barabara. Kimeonekana sasa hivi, ikasema.

Sijui nieleze vipi. Niliketi juu ya toroli na machozi yakanitoka. Kidude cha mtoto kimefanya kazi. Pale kuna mazishi, watu ni wengi, simu ni nyingi, na zote zinaniambia: kipo hapa, kipo hapa.

Nimempigia Ouma mara nyingi. Haipokelewi. Kuna vipaza sauti huko na nyimbo, hawezi kusikia. Sikutaka kwenda leo, mtu anapozikwa, nikiulizia mwiko. Kesho.

Tangu hapo nimeangalia ramani kila mara. Kidoti hakijasogea. Jioni kimeacha kusema "sasa hivi". Kinasema kilionekana saa nane. Watu wameanza kwenda nyumbani, nadhani. Simu zimepungua.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka mapema, nimefika huko kabla ya misa kwisha. Hema zilikuwa zinashushwa. Viti vya plastiki vimepangwa juu kwa juu. Harufu ya masufuria makubwa yaliyooshwa vibaya.

Niliingia na simu mkononi kama mtu anayetafuta mtandao. Kidoti kilikuwa ndani ya boma hilo la marehemu. Nikabonyeza kilie. Ikatafuta. Ikasema hakipo karibu. Nikazunguka rundo la mchanga uliobaki, nikabonyeza tena. Nikaenda nyuma ya jikoni. Hakipo karibu.

Mama mmoja akaniita. Mjane mwenyewe, amekaa kivulini mwa nyumba, kitambaa kimefungwa kichwani. Nikajitambulisha. Mwangi, kutoka kazini kwa Ouma. Akanishika mikono yote miwili.

"Ero kamano, baba. Asante. Nyinyi mmemheshimu mzee."

Akaagiza chai. Nikakaa. Ouma alikuwa ameshaondoka kupeleka wageni. Mama alikuwa na hamu ya kusema, kama wafiwa wanavyokuwa wakishalala kidogo. Alisema alikuwa na hofu vifaa vya mumewe havitafika. Lakini Ijumaa trekta ilipokuja, dereva aliwapa mkoba kutoka juu ya trela. Vifaa vya marehemu, akasema. Ndugu wawili wa marehemu wakaanza kuuvuta pale pale. Huyu anasema ni wangu mimi mkubwa, yule anasema mimi ndiye nilisaidiana naye kazi. Mbele ya watu. Mama akaona aibu. Mzee wa ukoo akaamua: asipate yeyote. Marehemu mwenyewe aende navyo. Wakautia kaburini jana, miguuni pake, kisha udongo, kisha wakamwaga simiti juu.

"Mkoba wa kijani," mama akasema. "Mimi hata sikukumbuka kama alikuwa na mkoba wa kijani. Ugonjwa mrefu unasahaulisha mtu vitu."

Nikanywa chai. Ilikuwa na sukari nyingi.

Nikasema pole. Nikasema mzee alikuwa fundi mzuri, ingawa sikumjua. Mama akalia kidogo, akafurahi. Akaniuliza kama kuna mmoja wetu aliyevisafisha vile vifaa, kwa sababu vilikuwa vinang'aa. Nikasema ndiyo. Mimi.

Nilipita karibu na kaburi nikitoka. Simiti mbichi, imesuguliwa ovyo, ina mawimbi. Nikasimama kama mtu anayeomba. Nikabonyeza simu mara moja ndani ya mfuko wa koti.

Kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimngoja Ouma langoni. Nikamweleza kwa maneno machache, kwa sababu kama ningetumia mengi ningepaza sauti. Alikwenda stoo, akafungua. Sanduku la mjomba lilikuwa hapo hapo juu ya mifuko ya simiti. Akaketi sakafuni.

Ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa alimpigia Kiprono simu: beba mchanga, na vifaa vya mjomba viko hapo hapo kazini, beba navyo. Akasahau kwamba ufunguo wa stoo anao yeye mfukoni. Kiprono akakuta stoo imefungwa. Wapakiaji wakachota mchanga, beleshi likagonga mkoba. Nani hajui kwamba vifaa vya mafundi hukaa mchangani? Wakasema ndivyo hivi. Siku ya mazishi Ouma alikuwa mbele ya nyumba na wageni, si kaburini. Hakuona mkoba ukishuka.

Simlaumu Kiprono. Ningefanya vile vile.

Ouma alinishika bega. Akasema, "Mzee, wakijua watafukua. Na wakifukua, ni mimi nimeharibu mazishi ya mjomba wangu. Watasema nimemzika na vitu vya mtu hai, mtu anatembea. Unajua hiyo inaitwaje kwetu."

Najua. Wao wanaita chira, laana ya kuvunja mila. Sisi tunaita thahu. Jina tofauti, hofu moja. Mimi ni Mkristo. Hata hivyo sikulala jana.

Akavuta sanduku akanisukumia. "Chukua hii. Ni chuma tu. Ukuta wa mbele ni wako."

Nikachukua. Nilifikiria Pasaka. Sikufikiria kitu kingine.

Jumanne, 11 Machi

Jana tulingoja mchanga mpya, leo ndiyo siku ya kwanza ya plasta. Mwiko wa marehemu una alama. Mpini umelika upande usio wangu, mahali kidole gumba chake kilipokaa miaka yote. Mkono wangu ukiushika unateleza kutafuta shimo lililo upande mwingine. Nilirusha simiti, ikashika. Mwiko mzuri. Si wangu.

Mlinzi amewaambia wote. Sijui alisikia wapi. Mlinzi asiyeona trela anasikia kila kitu.

Plasta si kazi ya mtu mmoja. Mkisharusha, mnachukua ubao mrefu, kila mmoja anashika ncha yake, mnauvuta kwa pamoja kutoka chini hadi juu. Mkono mmoja ukichelewa, ukuta unaota tumbo. Ndiyo maana mimi na Okoth tumekuwa wawili tangu nije. Ananijua pumzi.

Leo nilishika ncha yangu, nikamngoja. Hakuinama.

"Mzee, sina ubaya na wewe. Haki ya Mungu. Lakini hiyo ubao siwezi shika na wewe. Nina watoto wadogo."

Nikamwambia ni chuma tu, kama Ouma alivyosema. Akatikisa kichwa. Alitazama miguu yangu, si uso.

Mmoja wa juu ya jukwaa akapiga kelele, "Huyu vitu yake imeshatangulia! Yeye mwenyewe anangoja gari gani?"

Alitegemea kicheko. Hakuna aliyecheka. Hiyo ndiyo iliyoniumiza. Wangecheka ingekuwa nafuu.

Nimempigia Wambui nimweleze. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nisirudi nyumbani na mwiko huo. Nisiulete hata langoni, siku ya mtoto. "Afadhali ubebe mawe," alisema.

Hata yeye.

Jumatano, 12 Machi

Nimevuta ubao peke yangu. Ncha moja nimeifunga kwa kamba kwenye jukwaa, nyingine nimeishika. Haiwezekani. Ukuta umeota tumbo katikati, juu ya dirisha. Jua la jioni likipiga upande linaonekana hata na mtoto.

Ouma alikuja na pima maji yake. Akaiweka ukutani. Akaiondoa. Akaenda zake.

Ninamchukia leo. Kesho pengine sitamchukia.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekwangua ukuta wangu. Okoth na mwingine wameupiga upya. Mimi nimewakorogea simiti. Okoth aliipokea ndoo bila kunigusa vidole. Adhuhuri akaniletea samaki wa kukaanga ndani ya gazeti, akaweka juu ya jiwe, akaenda kula mbali. Si mtu mbaya. Nilikula. Nilikuwa na njaa.

Saa ya kutoka Ouma aliniita kando. "Mzee Mwangi, pumzika kidogo. Watu wasahau. Nitakuita."

Nilimuuliza kama toroli yangu inangoja.

Akasema, "Nitakuita, Mzee."

Watu hawasahau kitu kama hiki. Nimekaa mjini vya kutosha kujua "nitakuita" ni nini.

Jumamosi, 15 Machi

Niliosha vifaa vya mzee. Nikavikausha juani, nikavipaka mafuta, nikavirudisha kwenye sanduku na kulipeleka kwa Ouma. Alilipokea kama mtu anayepewa nyoka.

Kisha niliamua kwenda Maseno kumwambia mama ukweli. Nimwambie mkoba ni wangu. Nina haki. Kuna timazi ndani ambayo nilifanyia kazi msimu mzima wa kahawa kwa watu. Wautoe tu, wafunike tena, niondoke. Nilitembea hadi Kondele kupanda gari. Njiani nilikuwa nikipanga maneno ya kuanzia.

Pale Kondele nilisimama. Niliona watakavyofanya. Nyundo kwenye simiti. Wale ndugu wawili wakivutana tena, safari hii juu ya jeneza. Na mama amekaa pale kivulini akijifunza kwamba mumewe alilala na vitu vya mgeni, na vyake viko stoo ya simiti mjini. Na hata wakinipa, nani atashika ubao na mimi? Mkoba uliotoka kaburini. Hata mimi nisingeufungua.

Kwa hiyo si suala la haki tena. Umekwisha.

Nikarudi. Nikatengeneza ngazi ya Mama Akinyi kwa kisu cha jikoni na ubapa wa ubao. Imekuwa mbaya. Alisema ni nzuri. Anadhani mimi ni mgonjwa.

Jumapili, 16 Machi

Nyokabi amepiga. Sauti ya furaha. Watu wa mume wamethibitisha Pasaka, wanakuja na gari mbili. Halafu akasema, "Baba, naona sasa uko upande wa Maseno. Kidoti hakijatoka huko wiki nzima, wala hakina habari mpya, nadhani hapapiti watu. Mmehamia kazi mpya?"

Ningemwambia. Mdomo ulikuwa wazi. Lakini baba asiye na kazi wala senti asimameje langoni?

Nikasema ndiyo. Kazi nzuri, kubwa, ya watu wa heshima. Wananipa chai yenye sukari. Lakini ni ndefu, na msimamizi haruhusu mtu kutoka kabla haijaisha.

Akauliza, "Hata Pasaka?"

Nikasema ndugu yangu Kariuki atasimama langoni. Damu ni moja. Ndiye aliyemshika mkono siku ya kwanza ya shule, mimi nikiwa kazini Nakuru. Atajua la kusema.

Alisema sawa, Baba. Akasema angalau anajua niko wapi. Akasema ataangalia kidoti siku hiyo, wageni wakiingia, na itakuwa kama nipo.

Baada ya kukata simu nilikaa kitandani. Sijui kwa muda gani. Kidude kimeandikwa kwamba betri yake inakaa mwaka.

Jumatano, 19 Machi

Muhoroni. Niko hapa tangu jana. Nilimkuta Kiprono kwenye kituo cha mafuta, akaniambia miwa imeanza kukatwa tena na wanataka watu. Hakuuliza habari za mkoba. Sidhani kama anajua. Nilipanda naye trela tupu. Njia nzima alikuwa akiimba.

Panga wanatoa wao. Hapa hakuna anayeuliza una vifaa gani. Tunakata kuanzia alfajiri mpaka jua liwe kali, tunapumzika, tunakata tena. Majani yanachana mikono na uso. Jivu la miwa iliyochomwa linaingia kila mahali, mate yanakuwa meusi. Ninalala na watu wengine kwenye banda. Mmoja anatoka Kitui, mwingine Busia. Hatuongei sana. Jana yule wa Kitui alinipa nusu ya mkeka wake.

Hakuna anayeniita fundi. Wananiita Mzee, basi.

Leo jua limetua likiwa kubwa na jekundu kwa sababu ya moshi. Nimenawa. Nimefua shati. Nimeandika haya nikiwa nje, wenzangu wakipika.

Wambui nimemtumia ujumbe, kwa sababu sauti ingenisaliti. Nimeandika: msiningoje Pasaka. Msimu huu wa miwa ni mrefu. Nitakuja Desemba, katikati ya mwezi, kabla watu hawajajaa njiani.